Uvimbe wa pafu usio saratani: namna ya kuuthibitisha bila kubahatisha na kuutibu kwa kiasi kinachostahili

Kosa linalojirudia katika mafaili ya wagonjwa wenye uvimbe mdogo wa pafu mara nyingi halitokani na uhaba wa vipimo, bali na mpangilio wao. Mgonjwa hudungwa sindano kabla picha yake ya miaka mitatu iliyopita haijatafutwa. Mwingine hupewa dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya doa ambalo makohozi hayakuwahi kulithibitisha. Mwingine huambiwa kwamba hana saratani, ilhali jibu la maabara lilisema tu kwamba seli za saratani hazikuonekana katika kile kilichochukuliwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa daktari au tabibu anayeletewa picha yenye doa la aina hiyo. Utamfaa pia mgonjwa anayetaka kuelewa kwa nini ameambiwa asubiri, au kwa nini ameambiwa apasuliwe.

Shikilia jambo moja tangu mwanzo: kuna milango mitatu tu ya kufikia uamuzi kwamba uvimbe si saratani. Wa kwanza ni alama mahususi kwenye skani ya CT, yaani mafuta ndani ya uvimbe au kalisi iliyojipanga kwa namna inayojulikana. Wa pili ni ukubwa usiobadilika kwa muda wa kutosha. Wa tatu ni kinyama, yaani kipande kidogo kilichochukuliwa kutoka kwenye uvimbe, ambacho mtaalamu wa patholojia amekipa jina kamili. Usipopita mmojawapo, bado hujathibitisha, hata kama mgonjwa anaonekana mwenye afya njema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha zote za zamani za kifua, eksirei na skani, zikiwa picha zenyewe na si ripoti peke yake.
- Historia kamili ya mgonjwa, ikiwemo upasuaji wowote uliowahi kufanyika na majibu ya kila kinyama kilichowahi kuchukuliwa mwilini mwake.
- Skani ya CT ya kifua yenye vipande vyembamba vya milimita 1.5 au pungufu.
- Vipimo vya makohozi vya kifua kikuu, pale ambapo ugonjwa huo hauwezi kuondolewa kwa historia pekee.
- Wingi wa damu, chembe sahani na kipimo cha kuganda kwa damu, iwapo kinyama kitachukuliwa.
- Kipimo cha nguvu ya mapafu, iwapo upasuaji unafikiriwa.
- Njia ya kuzungumza moja kwa moja na mtaalamu wa radiolojia, mtaalamu wa patholojia na daktari wa upasuaji wa kifua.

Kitu cha mwisho katika orodha hiyo ndicho kinachopuuzwa zaidi. Aina hizi za uvimbe ni adimu, kwa hiyo hata mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kuwa ameiona moja au mbili tu maishani mwake. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya watu watatu huokoa upasuaji usiohitajika.

## Hatua ya 1: Hakikisha doa liko ndani ya pafu

Eksirei hubana kifua kizima katika picha moja bapa. Chuchu, sunzua kwenye ngozi, mfupa wa mbavu uliounga baada ya kuvunjika, hata kifungo cha nguo, vyote vinaweza kuonekana kama uvimbe wa pafu. Tazama pia picha ya ubavuni, na ukishuku chuchu, weka alama ya chuma juu yake na urudie picha. Hatua hii huchukua muda mfupi na haina sababu ya kurukwa.

Doa lenye kipenyo cha milimita 30 au pungufu, lililozungukwa na pafu lenye hewa, huitwa kinundu. Likizidi hapo, ni uvimbe mkubwa, na uwezekano wa saratani huwa juu zaidi tangu mwanzo.

## Hatua ya 2: Tafuta picha ya zamani, kisha pima kwa uangalifu

Hakuna kipimo kipya kinachoshinda picha ya zamani. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kamili kina uwezekano mdogo sana wa kuwa saratani. Kinundu chenye sura ya ukungu, ambacho mishipa ya damu bado inaonekana kupitia ndani yake, kinahitaji kufuatiliwa hadi miaka mitano, kwa sababu saratani zinazoanza kwa sura hiyo hukua polepole mno.

Hapa ndipo hesabu inapowaangusha wengi. Uvimbe ni tufe, si mstari, kwa hiyo ongezeko dogo la kipenyo ni ongezeko kubwa la ujazo. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 26, ujazo umekuwa maradufu. Kinundu kilichotoka milimita 12 hadi milimita 15 kinaweza kuandikwa kwenye ripoti kwamba kimeongezeka kidogo, kumbe kimekaribia kujirudia mara mbili. Ikiwa mabadiliko hayo yametokea ndani ya miezi mitatu, mwendo huo ni wa saratani hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa yamechukua miaka mitatu, basi ni mwendo wa kitu kinachokua taratibu, kama hamatoma (uvimbe usio saratani wenye gegedu na mafuta) au kasinoidi (saratani inayokua polepole). Uvimbe uliojirudia maradufu ndani ya wiki chache tu, kwa kawaida ni maambukizi.

Onyo: tofauti isiyofika milimita 2 inaweza kuwa kosa la upimaji tu. Pima mwenyewe kwenye skani zote mbili, kwa vipande vya unene uleule na kwa mpangilio uleule wa mwanga wa picha, badala ya kulinganisha namba za ripoti mbili zilizoandikwa na watu wawili.

Umefaulu katika hatua hii ukiwa na vipenyo viwili na tarehe mbili, au ukiwa na hakika kwamba hakuna picha ya zamani popote. Jibu la mgonjwa kwamba hakumbuki kupigwa picha halitoshi. Muulize kuhusu ajali, upasuaji, kipimo cha ajira na safari.

## Hatua ya 3: Uliza na usikilize kwa lengo

Uvimbe ulio pembezoni mwa pafu kwa kawaida hauna dalili yoyote, na hugunduliwa kwa bahati. Ulio ndani ya mrija wa hewa ni hadithi nyingine: huleta kikohozi kisichoisha, nimonia inayorudi mahali palepale, makohozi yenye damu, au mluzi wakati wa kupumua.

Mluzi huo ndio unaowapoteza matabibu. Mgonjwa huandikiwa dawa za pumu, akapata nafuu kidogo, akarudi. Weka stetoskopu upande mmoja, kisha mwingine, na umwambie mgonjwa atoe pumzi kwa nguvu. Pumu husikika pande zote mbili. Mluzi wa sauti moja, unaosikika upande mmoja tu na usioondoka mgonjwa akikohoa, una maana kwamba kuna kitu ndani ya mrija, na mgonjwa huyo anahitaji kamera ya njia ya hewa, si dawa nyingine ya kuvuta.

Maswali mengine yana majibu yanayoelekeza moja kwa moja:

Mwanamke aliyewahi kuwa na fibroidi, hasa aliyeondolewa kizazi au fibroidi miaka mingi iliyopita, na sasa ana vinundu vingi katika mapafu yote mawili, anaweza kuwa na leiomioma inayosambaa, yaani uvimbe wa misuli laini kama fibroidi uliofika kwenye mapafu. Mtu anayetokwa damu puani mara kwa mara, na ambaye ndugu zake wana tatizo hilohilo, anaweza kuwa na mshikamano wa ateri na vena ndani ya pafu, yaani mishipa ya damu iliyoungana moja kwa moja, ambao haupaswi kuguswa na sindano. Mtu aliyewahi kuwa na saratani ya figo, ya mfupa, ya utumbo au ya tishu za mafuta ana haki ya kushukiwa kwamba saratani hiyo imehamia kwenye pafu, hata kama uvimbe unaonekana mpole.

## Hatua ya 4: Fanya skani inayoweza kujibu swali

Skani ya kwanza ipigwe bila dawa ya kontrasti. Sababu ni rahisi: kontrasti hung'arisha tishu, na mafuta au kalisi kidogo hufichika katika mng'aro huo. Ukihitaji kuona mishipa ya damu, kontrasti itafuata baadaye.

### Kutafuta mafuta

Hamatoma ndiyo aina inayopatikana zaidi, takriban robo tatu ya uvimbe wote wa pafu usio saratani. Ni mchanganyiko wa gegedu, mafuta, misuli laini na tishu za kawaida za njia ya hewa. Kinundu chenye kingo laini, kisichozidi sentimita 2.5, na chenye mafuta ndani yake, kinaweza kuitwa hamatoma bila kuchukua kinyama.

Mafuta husomeka kati ya −40 na −120 kwa kipimo cha Hounsfield, yaani namba ambazo skani ya CT hutumia kuonyesha msongamano wa tishu. Fungua kipande kinachopita katikati ya kinundu, chora duara dogo ndani kabisa, kisha usome namba. Usiguse ukingo. Ukingoni, kompyuta huchanganya tishu na hewa ya pafu iliyo jirani na kutoa wastani. Wastani huo unaweza kuangukia −60 na ukakudanganya kwamba umeona mafuta, ilhali umepima hewa. Rudia kwenye kipande cha juu na cha chini. Mafuta ya kweli yataonekana zaidi ya mara moja.

### Kusoma kalisi

Kalisi iliyojaa kinundu chote, iliyokaa katikati kabisa, iliyojipanga kwa tabaka kama kitunguu, au iliyofumka kama bisi, inaelekeza kwenye kitu kisicho saratani. Ya bisi ni ya hamatoma. Nyingine tatu kwa kawaida ni makovu ya maambukizi ya zamani. Kalisi iliyoegemea upande mmoja, au iliyotapakaa kama vumbi, haikuhakikishii chochote.

Onyo: alama hizi hupoteza nguvu kwa mgonjwa aliyewahi kuwa na saratani. Saratani ya mfupa ikihamia kwenye pafu huweza kuwa na kalisi, na saratani ya tishu za mafuta huweza kubeba mafuta.

### Kuhusu PET

Skani ya PET inayofuatilia sukari hupendwa kuliko inavyostahili katika suala hili. Kinundu kisichofika milimita 8 ni kidogo mno kwake. Kifua kikuu huwaka, uvimbe wa miofibroblasti (seli zinazotengeneza kovu) huwaka, na kasinoidi, ambayo ni saratani, inaweza isiwake kabisa. Itumie kujua kama kuna ugonjwa mahali pengine mwilini, au kuchagua sehemu ya kuchukulia kinyama, lakini usiifanye kuwa hakimu.

## Hatua ya 5: Ondoa wanaojifanya

Kabla ya mtu yeyote kushika sindano, mambo manne lazima yawe yamejibiwa kwa maandishi.

Je, ni mshipa wa damu? Kinundu chenye mshipa mmoja unaoingia na mwingine unaotoka kipigwe skani yenye kontrasti. Kikijaa kontrasti sambamba na mishipa mikubwa, ni mshikamano wa ateri na vena. Kukidunga kunaweza kusababisha kutokwa damu kwa kiwango cha kuua. Tiba yake ni kuziba mshipa kwa ndani kupitia katheta.

Je, ni uvimbe wa maji wa minyoo tegu ya mbwa? Mfuko wa maji wenye ukuta laini, kwa mtu aliyeishi na mbwa na mifugo, unahitaji kipimo cha kingamwili kwanza. Mfuko huo ukitobolewa bila maandalizi, maji yake yanaweza kuleta mzio mkali na kusambaza vimelea.

Je, ni kifua kikuu? Pima makohozi kwa kipimo cha molekuli na kuotesha. Majibu yakiwa hayaonyeshi ugonjwa, na hakuna ushahidi mwingine, usianze dawa kwa ajili ya kinundu tu kisha ukaita kutobadilika kwake kuwa nafuu. Hamatoma nayo haibadiliki, uipe dawa usiipe.

Je, ni kasinoidi? Vitabu vya zamani viliiita adenoma ya mrija wa hewa na kuihesabu miongoni mwa uvimbe usio saratani, na jina hilo bado linatembea kwenye ripoti. Kasinoidi ni saratani inayokua polepole, inayoweza kuhamia kwenye tezi za limfu na ini. Ukikuta uvimbe mwekundu, laini, wenye damu nyingi ndani ya mrija, iwaze hiyo kwanza.

## Hatua ya 6: Amua kama kinyama kinahitajika

Kama hatua ya 4 imekupa mafuta au kalisi ya uhakika, na mgonjwa hana dalili, simama hapo. Kuchukua kinyama kwa ajili ya kutuliza moyo tu ni kumwongezea mgonjwa hatari bila faida.

Kama hujapata alama hizo, ukubwa ndio unaoongoza. Mwongozo wa Fleischner Society, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, wa mwaka 2017, unaohusu vinundu vilivyoonekana kwa bahati, unasema kwamba kinundu kigumu kimoja kisichofika milimita 6, kwa mtu mwenye hatari ndogo, hakihitaji ufuatiliaji wa kawaida. Cha milimita 6 hadi 8 kirudiwe kwa skani baada ya miezi 6 hadi 12. Kinachozidi milimita 8 kifikiriwe kwa skani ya miezi mitatu, PET au kinyama. Mwongozo huo hauhusu walio chini ya miaka 35, wenye saratani inayojulikana, wala wenye kinga dhaifu, na kuutumia kwa watu hao ni kosa linaloonekana mara kwa mara.

### Kuchagua njia

Uvimbe ulio ndani ya mrija mkubwa hufikiwa kwa bronkoskopi, yaani kamera ya njia ya hewa. Ulio pembezoni hudungwa sindano kupitia ukuta wa kifua huku skani ikiongoza. Omba sindano nene inayokata kinyama, si ile nyembamba inayovuta seli tu, kwa sababu aina adimu hutambuliwa kwa mpangilio wa tishu, na seli zilizotawanyika kwenye kioo hazina mpangilio.

Hakikisha chembe sahani hazipungui 50,000 kwa kila mikrolita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) haizidi 1.5, na dawa za kuzuia damu kuganda zimesimamishwa kwa utaratibu uliokubaliwa na daktari anayezitoa. Mweleze mgonjwa kwamba hewa inaweza kuvuja na kukaa nje ya pafu. Hutokea kwa takriban mmoja kati ya watano, ingawa wengi wao hawahitaji kuwekewa mrija wa kifuani. Piga eksirei baada ya saa chache kabla hajaruhusiwa.

Kuna dalili moja ambayo anayedunga huihisi mkononi kabla maabara haijajibu. Hamatoma yenye gegedu nyingi ni ngumu na inateleza. Ncha ya sindano huigusa, kinundu husogea pembeni, na kinachopatikana ni tishu za pafu la kawaida. Ikitokea hivyo, mwambie mtaalamu wa patholojia. Bila taarifa hiyo, ataandika kwamba ameona pafu la kawaida, na wewe utasoma kana kwamba amesema hakuna ugonjwa.

### Kukihifadhi kinyama

Gawanya mara mbili papo hapo. Sehemu ya kwanza iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye ujazo wa kutosha, takriban mara kumi ya kinyama. Sehemu ya pili iingie kwenye chombo safi kilichotakaswa chenye maji ya chumvi tu, kwa ajili ya kuotesha vimelea vya kifua kikuu na fangasi. Fomalini huua vimelea; kinyama kikishatumbukizwa humo, nafasi ya kuotesha imepotea.

Kwenye fomu andika umri, jinsia, ukubwa na mahali pa uvimbe, kasi ya kukua, uvutaji sigara, na historia ya saratani au fibroidi. Fomu iliyoandikwa "uvimbe wa pafu" peke yake huzaa jibu la aina hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Soma jibu kwa makini

Jibu linalosema kwamba seli za saratani hazikuonekana si jibu la uvimbe usio saratani; maana yake ni kwamba huenda sindano haikufika. Jibu linalokubalika lina jina la kitu: hamatoma, leiomioma, papiloma, au maambukizi yaliyotajwa. Likikosa jina, rudia kuchukua kinyama au mpeleke mgonjwa kwa daktari wa upasuaji.

Jina likipatikana, kila moja huja na mtego wake.

Numositoma ya skilerosisi huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati. Hadi mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiita hemangioma, kwa hiyo ripoti za zamani zina jina hilo. Ina aina mbili za seli, za juu na za ndani. Zote hushika rangi ya maabara ya TTF-1, lakini za juu ndizo zinazoshika vizuri rangi ya keratini, protini ya seli za utando. Hung'aa sana kwa kontrasti. Kwenye kipimo cha haraka cha kinyama kilichogandishwa, upasuaji ukiendelea, hufanana na saratani ya pafu inayotokana na seli za tezi, kiasi cha kumfanya mpasuaji aondoe lobu nzima, yaani sehemu kubwa ya pafu, bila sababu.

Uvimbe wa miofibroblasti huwapata zaidi watoto na vijana. Hauko sawa na wengine: huweza kupenya tishu za jirani na kurudi, kwa hiyo huhesabiwa kuwa wa kati. Takriban nusu yake ina mabadiliko ya jeni ya ALK. Omba kipimo hicho kila mara, kwa sababu usioweza kutolewa wote unaweza kutibiwa kwa krizotinibu, dawa ambayo Marekani iliiidhinisha kwa matumizi hayo mwaka 2022.

Uvimbe wa sukari, kama wataalamu wa patholojia wanavyouita kwa sababu seli zake zimejaa glikojeni (sukari iliyohifadhiwa), hushika rangi ya HMB-45 na haushiki keratini. Unafanana mno na saratani ya figo iliyohamia, hivyo piga picha ya figo kabla ya kulikubali jina hilo.

Kondroma ni gegedu tupu. Kwa mwanamke kijana, hasa zikiwa zaidi ya moja, kumbuka utatu ulioelezwa na Carney mwaka 1977: kondroma za pafu, uvimbe wa ukuta wa tumbo la chakula, na paraganglioma. Uvimbe huo wa tatu unaweza kumwaga homoni za kupandisha presha. Pima metanefrini, mabaki ya homoni hizo, kabla ya nusukaputi, kwani presha inaweza kulipuka mezani.

Uvimbe pweke wa nyuzinyuzi mara nyingi hutokea kwenye utando wa pafu na hushika rangi ya STAT6. Mkubwa unaweza kushusha sukari ya damu hadi mgonjwa akazimia. Mwingi wake ni mpole, lakini mwingine hurudi baada ya miaka kumi au zaidi.

Papiloma, vioteo kama sunzua ndani ya njia ya hewa, husababishwa zaidi na virusi vya HPV aina ya 6 na 11. Zikiwa nyingi kwenye koo na mirija, epuka kutoboa koromeo isipokuwa kuokoa maisha, kwa kuwa tundu hilo huweza kuzisaidia kushuka chini. Adenoma ya tezi za ute nayo haithibitiki kwa chembe ndogo; saratani ya mukoepidemoidi ya daraja la chini inaweza kuonekana vivyo hivyo, na hutofautishwa vizuri kinyama chote kikipatikana.

## Hatua ya 8: Chagua kati ya kuangalia na kutoa

Toa uvimbe ikiwa unaleta dalili, unaziba mrija, unaendelea kukua, au ikiwa saratani haijaweza kuondolewa kwa njia nyingine. Aina zenye tabia ya kurudi, kama uvimbe wa miofibroblasti na uvimbe pweke wa nyuzinyuzi, hutolewa hata zisipouma.

Hamatoma iliyothibitishwa, ndogo, isiyo na dalili, iachwe. Inaweza kukua milimita chache kwa mwaka. Kukua huko polepole si kosa la utambuzi, mradi mgonjwa alikwisha kuelezwa hivyo tangu siku ya kwanza. Asipoelezwa, skani ya mwaka unaofuata ikionyesha ongezeko la milimita 2, atadai apasuliwe, na hutakuwa na neno.

Leiomioma inayosambaa ina nafasi ya pekee. Seli zake hushika vipokezi vya estrojeni na projesteroni, kwa hiyo zilizo nyingi mno kukatwa hutibiwa kwa kupunguza homoni. Kwa mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi, kuangalia tu kunaweza kutosha.

## Hatua ya 9: Toa kidogo kinachotosha

Ndani ya mrija wa hewa, uvimbe wenye kikonyo, kama lipoma (uvimbe wa mafuta) na hamatoma nyingi, hukatwa kwa kitanzi cha umeme, leza au barafu kupitia bronkoskopu, ile ngumu ikipendelewa kwa sababu inatoa nafasi ya kudhibiti damu na hewa. Hakikisha kwa skani kwamba hakuna sehemu kubwa iliyochomoza nje ya mrija. Unaoonekana ndani unaweza kuwa ncha tu. Onyo: oksijeni ipunguzwe kabla ya kuwasha leza au umeme, kwa sababu moto ndani ya njia ya hewa ni ajali inayoua.

Pembezoni, upasuaji kwa kamera ndio wa kwanza kufikiriwa. Hamatoma huweza kuchomolewa kutoka kwenye pafu kama punje kutoka kwenye ganda: mpasuaji hukata utando juu yake, hubonyeza kwa vidole, nayo huchomoka nyeupe, inayong'aa, yenye vinundunundu, ngumu kama gegedu la sikio. Pale ambapo jina halijajulikana, kata kabari ya pafu yenye ukingo salama badala ya kuchomoa. Lobu nzima iondolewe tu pale uvimbe ulipo katikati mno, au pale pafu lililo mbele yake limeharibika kwa nimonia za kurudiarudia. Uvimbe wa mrija mkuu unaweza kutolewa kwa kukata kipande cha mrija na kuunganisha ncha zake, na pafu likabaki.

Kipimo cha haraka wakati wa upasuaji kisaidie kujibu swali moja: kuna saratani ya wazi, au hakuna? Mtaalamu akisema hana hakika, funga kifua baada ya kabari na usubiri jibu kamili. Kumrudisha mgonjwa mezani ni afadhali kuliko kumwondolea lobu kwa ajili ya numositoma.

## Hatua ya 10: Baada ya hapo

Siku za kwanza, angalia hewa inayovuja kupitia mrija wa kifuani, homa, na maumivu yanayomzuia mgonjwa kukohoa. Maumivu yasipotulizwa, makohozi hukaa, na makohozi yakikaa, nimonia hufuata. Aketishwe na kutembezwa mapema, na afundishwe kuvuta pumzi ndefu.

Jibu la mwisho la patholojia lisomwe na daktari aliyepasua pamoja na aliyempeleka mgonjwa, kisha lilinganishwe na jina lililotolewa mwanzo. Yakitofautiana, omba vioo vya maabara visomwe na mtaalamu wa pili, hasa pale neno jipya ni kasinoidi.

Hamatoma iliyotolewa yote hurudi kwa nadra, na skani moja ya kuthibitisha inatosha kwa wengi. Uvimbe wa miofibroblasti ufuatiliwe kwa miaka kadhaa, na uvimbe pweke wa nyuzinyuzi kwa zaidi ya muongo. Mwenye papiloma arudishwe kwa kamera mara kwa mara, kwa vile nyingine hubadilika kuwa saratani, na uvutaji sigara huongeza hatari hiyo.

Mkabidhi mgonjwa nakala ya skani zake kwenye diski, ripoti ya patholojia yenye jina kamili la uvimbe, na tarehe ya skani inayofuata iliyoandikwa kwa mkono juu ya bahasha.